Moyo usiinuke Mungu anapokufanikisha
Ndugu yangu, umeuliza utalindaje moyo wako sasa kazi imestawi. Kiburi huanza pale maombi yanapopungua kwa sababu shida zimekwisha, ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 8 inawaonya walioshiba, si wenye njaa. Mfalme Uzia wa Yuda katika Biblia, aliyetawala miaka 52, alisaidiwa na Mungu hadi akawa na nguvu. Ndipo akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ya makuhani. Walipomzuia, akakasirika. Jipime hapo hapo: ukionywa, unaitikaje? Mpe ruhusa ya kukukemea mtu asiyekutegemea kwa riziki, maana anayekutegemea atakusifu tu. Sadaka itenge kabla ya matumizi, uitoe kwa siri. Na kila usiku mshukuru Mungu kwa jambo ambalo jasho lako halikulileta.