Mkaa hata bila moshi una sumu
Dada, umeuliza kwa nini wapishi wa kantini yenu hapo Kizota wanaumwa kichwa na kusikia kizunguzungu, kisha wakitoka kazini wanapona. Huko kupona wakitoka ndiko kunakonitia hofu: huenda sumu imo kwenye hewa ya jikoni. Mkaa uliokolea, hata usipofuka moshi, hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi: haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Najua Juni na Julai baridi na upepo wa Dodoma huwafanya watu wafunge madirisha. Tafadhali, majiko ya mkaa yatoke leo hii, yakae kwenye banda lililo wazi; dirisha moja halitoshi. La gesi nalo likiwaka mwali wa njano, fundi alitazame. Mtu akizimia, mtoeni nje kwanza, halafu hospitali.