Anzia Honi ya Mwisho: Ushauri kwa Wanaofunga Ving'ora vya Moto Mtwara na Lindi

Mtu anapokwenda kukagua king'ora cha moto katika nyumba ya wageni, bweni au ofisi, mara nyingi huanzia mapokezi, kwa kuwa ndipo paneli, yaani sanduku linaloendesha mfumo mzima, ilipofungwa. Hubonyeza kitufe, honi ya ukumbini hulia kwa nguvu, taa yake humweka, naye hutia saini na kuondoka. Katika kazi zangu za umeme hapa Mtwara na kule Lindi nimejizoeza kuanzia upande wa pili. Natembea hadi chumba kilicho mbali kuliko vyote, naitafuta honi ya mwisho kwenye laini, yaani waya unaounganisha honi na paneli, nafunga mlango, kisha namwomba mwenzangu aliyebaki mapokezi aamshe mfumo. Kasoro nyingi za kazi hii, ziwe za waya, za volti kupungua au za sauti isiyofika, hujitokeza kwanza kwenye kifaa cha mwisho, ilhali honi iliyo jirani na paneli italia hata kama kazi yote iliyobaki ni mbovu. Makala haya nawaandikia mafundi wenzangu, lakini mwenye jengo akiyasoma atajua la kudai kabla hajalipa.

Laini ya honi za kawaida ina nyaya mbili, chanya na hasi, na hufanya kazi kwa volti 24 za mkondo mnyoofu. Siku ambazo hakuna moto paneli haikai bure. Hupitisha mkondo mdogo sana huku ikiwa imegeuza chanya na hasi, na mkondo huo husafiri hadi mwisho wa laini, ukapita kwenye rezista, kijipande kinachobana mkondo, iliyofungwa hapo na kurudi. Ndani ya kila honi kuna dayodi inayouzuia mkondo huo wa kinyume, ndiyo maana honi hukaa kimya. Moto ukigundulika, paneli hugeuza polariti, volti kamili huingia kwa upande unaotakiwa na honi zote hulia. Waya ukikatika mahali popote, ule mkondo mdogo hukoma na paneli huwasha taa ya hitilafu, na hapo mwenye jengo hujua kuna kazi ya kufanya kabla ya siku ya hatari. Ulinzi wote wa laini umesimama juu ya rezista hiyo moja, na thamani yake hutegemea paneli: nyingine hutaka kilo-omu 4.7, nyingine 10, kwa hiyo kitabu cha paneli kisomwe na isifungwe iliyobaki saiti nyingine.

Nimewahi kufungua paneli ya hosteli moja na kuikuta rezista imefungwa papo hapo kwenye tundu za paneli, pembeni ya waya unaotoka. Paneli ilikuwa inajilinda yenyewe, na taa ya kijani ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Nilipopanda kwenye dari nikaukuta waya umetafunwa na panya mita chache kutoka ukutani, na vyumba vyote vya upande huo havikuwa na honi hata moja inayopata umeme. Fundi aliyefanya hivyo pengine alichoshwa na taa ya hitilafu akaamua kuizima kwa njia fupi, lakini kwa watu wanaolala usingizi ndani ya jengo lile kitendo hicho hakina tofauti na kuwanyima king'ora chenyewe. Rezista hukaa ndani ya honi ya mwisho. Hakuna mahali pengine.

Kosa la pili ni dogo kwa macho. Fundi hufika na waya kwenye honi ya katikati, humenya plastiki kidogo bila kukata shaba, hukunja shaba hiyo kuzunguka skrubu, hukaza na kuendelea mbele. Kazi huonekana safi na huenda haraka. Skrubu ikilegea, waya huchomoka kwenye honi hiyo lakini shaba yenyewe haijakatika, hivyo mkondo wa ulinzi huendelea kupita na paneli haitajua kamwe kwamba honi imebaki yatima. Ukikata waya na kufunga ncha zake kila moja kwenye tundu lake, la kuingia na la kutoka, ncha ikichomoka laini hukatika na paneli husema. Kwa sababu hiyo hiyo usichepushe tawi katikati ya laini kwa kuunga waya wa pembeni kuelekea chumba kilichosahaulika kwenye ramani, kwa maana tawi hilo haliko kwenye njia ya rezista na halilindwi na kitu chochote. Rudi nyuma, vuta waya wa kwenda na wa kurudi, hata kama mwenye jengo anasukuma kazi iishe. Mifumo ya kisasa ya mzunguko, ambamo kila kifaa kina anwani yake na kebo hurudi kwenye paneli, haitumii rezista ya mwisho, lakini huhitaji vitenganishi ili shoti ya sehemu moja isizime mzunguko mzima.

Kabla ya kufunga honi yoyote, kebo ipimwe ikiwa tupu. Kipimo cha insulesheni, yaani cha plastiki inayokinga waya, hutoa hata volti 500, na kikifanywa honi zikiwa zimeshafungwa huweza kuziua zote pamoja na paneli. Kebo yenyewe iwe ile inayostahimili moto, ambayo wengi tunaijua kwa rangi yake nyekundu, na ishikwe kwa klipu za chuma. Ukiishika kwa plastiki tupu, plastiki huyeyuka, kebo huning'inia mlangoni na kumnasa anayekimbia au askari wa zimamoto anayeingia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naomba lisomwe taratibu, nalo ni kupungua kwa volti. Paneli iliyounganishwa na umeme wa TANESCO hutoa volti 24 au zaidi kidogo, na ukijaribu honi wakati huo karibu kila kitu hulia. Lakini moto mara nyingi hukata umeme, na hata usipoukata, askari wa zimamoto hukata swichi kuu. Hapo mfumo hubaki na betri, na betri zinazokaribia kuisha huhesabiwa kuwa volti 20.4. Honi nyingi za volti 24 zimetengenezwa kufanya kazi kuanzia volti 16. Maana yake ni kwamba unaruhusiwa kupoteza volti 4.4 tu njiani, na zikipotea zaidi ya hapo honi za mwisho zitakwaruza au zitanyamaza.

Chukulia laini ya mita 150 yenye honi 15 zenye taa za kumweka, kila moja ikila ampea 0.1, jumla ampea 1.5. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa omu 12.1 kwa kilomita, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo njia ni mita 300 na ukinzani ni omu 3.63. Zidisha kwa ampea 1.5 na utapata upotevu wa karibu volti 5.4, ambao huacha volti 15 tu mwishoni. Kwa hesabu hii laini hiyo haifai, ingawa mchana wa makabidhiano ingelia vizuri. Ukiweka waya wa milimita za mraba 2.5, wenye omu 7.41 kwa kilomita, upotevu hushuka hadi volti 3.3 na mwishoni hubaki volti 17. Hesabu hii huchukulia kwamba honi zote ziko mwisho wa laini, jambo linaloweza kuzidisha upotevu hata karibu maradufu kama honi zimesambaa sawasawa, na mimi napenda kosa liegemee upande huo. Kumbuka pia kwamba taa za kumweka hula ampea nyingi zaidi volti zinaposhuka, kwa hiyo tumia ampea ya juu kabisa iliyoandikwa na mtengenezaji, na kama hesabu inakaza, gawa laini mara mbili.

Kuhusu sauti, kila umbali unapokuwa maradufu katika nafasi iliyo wazi, sauti hupungua desibeli 6. Honi ya desibeli 90 kwa mita 3 itakuwa na 84 kwa mita 6 na 78 kwa mita 12. Mlango wa kawaida uliofungwa hula takriban 20 zaidi. Viwango vya Uingereza na vya Marekani vyote hutaka desibeli 75 kwenye mto wa kitandani wa mtu aliyelala, kwa hiyo honi ya ukumbini haimwamshi mgeni wa chumba cha mwisho, na njia ya uhakika ni kuweka honi ndani ya chumba chenyewe. Mhudumu wa nyumba moja ya wageni hapa mjini aliwahi kuniambia, “Kaka fundi, mbona hii ya ukumbini inasikika hadi barabarani?” Nilimjibu, “Dada yangu, wa barabarani yuko salama tayari. Tunamtafuta aliyelala chumba cha nyuma, feni inavuma na mlango umefungwa.” Tulikwenda wote, tukafunga mlango, tukawasha feni kwa kasi ya mwisho, naye akasikia mwenyewe jinsi sauti ilivyokuwa hafifu. Pima hivyo hivyo, feni au kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na ukumbuke kwamba mvua ya masika juu ya mabati hufunika sauti nyingi.

Mabweni yana uzito wa pekee. Septemba 2020 wanafunzi 10 walipoteza maisha katika moto wa bweni wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, na kila ninapoingia kwenye bweni nalifikiria jambo hilo. Watoto hulala fofofo, na imethibitika kwamba honi ya mlio mzito wa hezi 520 huwaamsha waliolala kuliko ile yenye mlio mkali mwembamba, hivyo kwa vyumba vya kulala ulizia aina hiyo dukani hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

Maghala ya korosho nayo yana hila yake. Ghala likikaguliwa kabla ya msimu, likiwa tupu, sauti hugonga kuta na kurudi, na kila mtu huridhika. Oktoba magunia yakianza kuingia na kupangwa hadi karibu na paa, honi iliyofungwa ukutani kwa usawa wa kichwa hubaki nyuma ya ukuta wa magunia. Zifungwe juu ya kimo cha magunia, kwenye njia za kupita watu, na kipimo kirudiwe ghala likiwa limejaa.

Taa za kumweka si mapambo ya honi. Ni kwa ajili ya kiziwi, na kwa ajili ya mtu yeyote aliye karibu na jenereta au mashine ya kubangua korosho asiyesikia kitu. Viwango vya Marekani, NFPA 72, huitaka taa ya ukutani iwe kati ya mita 2.03 na 2.44 kutoka sakafuni, wakati vifaa vya Ulaya huandikwa alama kama W-2.4-6, yaani taa ya ukutani inayofungwa mita 2.4 juu na kufunika chumba cha mita 6 kwa 6. Soma alama hizo kabla ya kutoboa ukuta. Taa zinazoonekana pamoja kutoka sehemu moja lazima zimweke kwa pamoja, kwa kuwa mimweko mingi inayopishana inaweza kumwangusha mwenye kifafa. Hapa kwetu naongeza mambo mawili: usiifunge taa mahali ambapo panga za feni ya dari zitapita mbele yake, na usiiweke pale ambapo kabati litakuja kusimamishwa. Chandarua nacho hupunguza mwanga, kwa hiyo katika chumba cha kulala chagua taa yenye nguvu, usichukue ile ndogo ya ofisini.

Chumvi ya bahari ndiyo adui tuliye naye sisi wa Shangani, Mikindani na Lindi mjini kuliko mafundi wa Dodoma. Fungua honi iliyokaa miaka michache kwenye baraza inayotazama bahari na utaona unga wa kijani umeizunguka skrubu, shaba imekuwa nyeusi, na ukikwaruza kwa bisibisi hutoka vumbi. Ubaya wa kutu hii ni kwamba paneli haiioni. Mkondo wa ulinzi ni mdogo sana na hupita kwenye rezista ya maelfu ya omu, kwa hiyo omu 2 za kutu haziubadilishi, lakini siku ya tukio ampea 1.5 zikipita hapo zitapoteza volti 3 nzima. Nje tumia vifaa vilivyozibwa dhidi ya maji, ingiza kebo kutokea chini, na acha waya ulegee kidogo ili tone la mvua lidondoke kabla ya kufika kwenye boksi.

Betri ziwe mbili za volti 12 zilizofuatana, zenye uwezo wa kushikilia mfumo saa 24 na kisha kuliza honi zote kwa nusu saa kama Waingereza wanavyotaka. Ziandikwe tarehe kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu joto la pwani huzichosha mapema na hakuna atakayekumbuka zilifungwa lini.

Kazi hii ifanywe na mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na ukaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji uombwe mapema, wakati dari haijafungwa, ili mkaguzi aone kebo kwa macho yake. Namba ya dharura ya zimamoto, 114, iandikwe pembeni ya paneli kwa herufi kubwa.

Siku ya makabidhiano zima umeme mkuu, liza honi zote kwa betri, kisha pima volti kwenye honi ya mwisho zikiwa zinalia. Andika tarakimu hiyo pamoja na tarehe kwenye ramani ya laini, onyesha ni chumba gani chenye rezista, na bandika ramani ndani ya mlango wa paneli. Mwelekeze mwangalizi wa jengo ajaribu kila wiki kwa kitufe tofauti, na fundi arudi angalau kila baada ya miezi 6. Fundi huyo, hata kama si wewe, atapima mahali pale pale kwa betri zile zile, na akikuta tarakimu imeshuka atajua kuna maungio yameanza kuota kutu hata kama taa ya kijani bado inawaka.