Mungu amenibariki, lakini sitaki tena kuambiwa neno

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Padri. Mimi ni Mkristo wa hapa Wete, Pemba. Babu yangu alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, na baada ya Mapinduzi ya 1964 baba alipata eka tatu. Msimu huu mikarafuu imezaa sana. Nimemaliza nyumba ya kupangisha Chake Chake, na nataka kutoa mabenchi mapya kanisani yaandikwe jina la familia yetu. Lakini tangu mambo yaninyookee, sala imekuwa nzito. Zamani sina kitu, nilikuwa nafunga na kukesha. Juzi mzee wa kanisa aliniambia wachumaji wananung'unikia pishi yangu, yaani kipimo ninachowapimia karafuu ili niwalipe. Nikamjibu vibaya, na Jumapili iliyofuata sikwenda ibadani. Mke wangu anasema nimebadilika. Je, mali ni mtego? Nigawe vyote?

JIBU

Amina, mwanangu. Nashukuru kwamba umeandika hata habari ya mzee wa kanisa. Ungeweza kuificha, na mimi naona shida yako yote iko hapo.

Mali yenyewe si dhambi. Ibrahimu alikuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu. Lidia wa Matendo 16 alikuwa mfanyabiashara wa rangi ya zambarau, na nyumbani kwake mitume walipata pa kufikia. Basi furahi, wala usianze kuvaa nguo zilizochanika ili watu wakuone mnyenyekevu. Kuhusu kugawa vyote, ni kweli Bwana alimwambia hivyo yule kijana tajiri. Lakini Zakayo alipotoa nusu, Bwana hakumdai nusu ya pili. Zakayo aliongeza jambo jingine mwenyewe: kama amemdhulumu mtu, atamrudishia mara nne. Hilo liweke moyoni.

Sasa soma 2 Nyakati 26, taratibu, habari za Mfalme Uzia. Alitawazwa ana miaka 16, akatawala miaka 52. Alichimba visima, akajenga minara, akawa na wakulima na watunza mizabibu, maana alipenda kilimo. Maandiko yanasema alisaidiwa kwa ajabu mpaka akawa na nguvu, na alipokwisha kuwa na nguvu moyo wake ukatukuka. Akaingia hekaluni kufukiza uvumba, kazi ambayo si yake. Kuhani Azaria na makuhani wenzake 80 wakamfuata, wakamwambia waziwazi: toka. Angeweza kutoka. Lakini alikasirika, chetezo kiko mkononi, na ukoma ukamtokea kwenye paji la uso katika ile hasira. Kila nikiisoma sura hii naogopa, kwa sababu mtu huyu hakuacha dini. Alikuwa ndani ya hekalu, ameshika uvumba. Kilichomharibu ni kwamba hapakuwa tena na mtu wa kumwambia hapana akamsikiliza.

Ndiyo maana sikuulizi una nyumba ngapi. Nakuuliza nani bado anaweza kukukanya ukamsikiliza. Mzee alijaribu, umemfukuza kwa maneno. Mkeo anajaribu, nawe unaniandikia mimi niliye mbali, ambaye sijaiona pishi yako.

Tuitazame hiyo pishi. Mchumaji anapanda mkarafuu alfajiri, anavuta tawi kwa kamba, na wako walioanguka wakavunjika kiuno. Jioni anakaa na wanawe kwenye jamvi wanatenga karafuu na vikonyo, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Ndipo analetewa pishi. Mwenye shamba anayekandamiza kwa kiganja, kisha akaongeza konzi mbili akisema ni za juu, amejipatia kitu kidogo sana kwa kila mtu, na kwa msimu mzima amepata vyumba vya kupangisha. Sijui kama ndivyo ufanyavyo wewe. Unajua mwenyewe. Yakobo 5:4 inasema ujira wa waliovuna mashamba, uliozuiwa kwa hila, unapiga kelele, na vilio vyao vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Huenda sala yako ni nzito kwa sababu kuna sauti nyingine zimetangulia kufika. Tena wachumaji wako wengi ni Waislamu, na pengine wewe ndiye Mkristo pekee waliyewahi kufanya kazi naye. Jina la Kristo kwao linanuka vizuri au vibaya kwa ile pishi.

Na hiyo mikarafuu, nani aliipanda? Kumbukumbu la Torati 6 inawaonya watu watakaokula mizabibu na mizeituni wasiyoipanda wao, wasije wakamsahau Bwana. Hata kuwa Pemba ndiyo nchi ya karafuu kuna sababu usiyoitia mkono wewe: kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ya Pemba ikasalimika. Wenye mashamba wa Unguja walikuwa hodari kama wewe.

Kuhusu sala: ulipokuwa huna, ulijua kuomba. Umepewa, na ile sala ya zamani haina tena la kusema, nawe hukujifunza nyingine. Anza na Zaburi ya 103, usizisahau fadhili zake zote. Kisha waombee wachumaji kwa majina yao, kabla hawajapanda. Kama majina huyajui, yaulize kesho. Mfungo wa zamani uurudishe pia, ingawa siku moja kwa wiki yatosha.

Mabenchi yasubiri. Katika Mathayo 5 Bwana anasema ukileta sadaka ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye. Nenda kwa mzee kabla ya Jumapili, umwombe radhi, umwambie akae nawe jioni ya kupima, na pishi aishike yeye. Waliopunjwa warudishie, hata kama fedha hizo ndizo zilizokuwa za mabenchi. Zikibaki za benchi moja, lilete hilo moja, bila jina.