Je, hawa wa Zango ndio WITCH aliowacheza baba?

SWALI: Shikamoo mzee. Baba alikuwa fundi wa TAZARA, na mwaka 1976 alirudi kutoka Kapiri Mposhi na santuri ya bendi ya Zambia, WITCH. Ipo kabatini mpaka leo, upande wa pili umekwaruzika. Juzi mdogo wangu katuwekea albamu yao ya 2023, Zango. Baba kasikiliza nyimbo mbili, kasema, “Hao siyo,” katoka nje. Ni walewale, au kuna watu wameokota jina? Halafu kuna mtu anaitaka ile santuri kwa shilingi elfu ishirini. Tumpe?
Msomaji, Tunduma

JIBU: Marahaba mwanangu. Mpe baba nusu ya ushindi. Katika wale wa mwanzo amebaki mmoja tu, mwimbaji Emmanuel Chanda, aliyejiita Jagari kwa kumhusudu Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones ya Uingereza. Ukimwi ulifagia kizazi kile cha Zamrock, roki ya Zambia, kama panga kwenye mahindi.

Lakini bendi ilianza kuyumba kabla ya hapo. Mwanzoni mambo yalikuwa mazuri: Rais Kaunda aliamuru asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na vijana wa Kitwe na miji mingine ya shaba wakapata pa kusikika. Kisha bei ya shaba ikaanguka, mifuko ikakauka. Vita vya Rhodesia vikaleta amri ya kutotoka usiku, bendi zikalazimika kupiga alasiri. Mimi nimepiga besi kwenye dansi la alasiri, namjua mtu wake: anakaa na soda yake, anakutazama. Mwaka 1977 Jagari aliacha bendi akaenda kufundisha, na baadaye akaingia machimboni kutafuta vito. Wenzake wakahamia disko, na albamu yao ya mwisho kabla ya kimya, Kuomboka, ikatoka 1984.

Zango ilitoka Juni 2023. Hesabu mwenyewe.

Waliorekodi na Jagari kule Lusaka ni pamoja na Patrick Mwondela, mpiga kinanda wa enzi za disko, na Waholanzi wawili, Jacco Gardner na Nic Mauskovic, ambao hawakuwa wamezaliwa baba alipopanda treni ile. Je, hiyo ni WITCH? Sisi tuliokulia kwenye dansi swali hili halitusumbui sana. NUTA Jazz iligeuka JUWATA, ikageuka OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Wapigaji wamekufa, wamehama, wamenyang’anywa na bendi za jirani, na shabiki wa Msondo bado anasema anakwenda Msondo. Tofauti ni kwamba Msondo haikuzima. Hii ya Jagari ilikaa karibu miaka arobaini bila albamu mpya, na yeye ndiye aliyerudi kuwasha taa.

Sasa masikio. Baba amekataa dramu, nadhani, na simlaumu. Zimerekodiwa safi mno. Kwenye albamu yao ya zamani, Lazy Bones!! ya 1975, gitaa la solo linakoroma kama spika iliyochanika, na huo ndio utamu wake. Tena Zango ina wageni wengi. Neno lenyewe kwa Kikaonde ni mahali pa kukutania, lakini mwenye nyumba angeweza kuzungumza zaidi kidogo. Hata hivyo rapa Sampa the Great kwenye “Avalanche of Love” hakuja kupamba: anachana kama mjukuu aliyeruhusiwa kukaa barazani na wazee. Na sauti ya Jagari imekuwa nzito, ina mchanga ndani. Mrudishe baba ndani, ruka nyimbo za wageni, mwekee “Waile” peke yake. Usimwambie ni nani.

Kuhusu santuri: usithubutu! Huyo wa elfu ishirini anajua anachofanya. Nakala za kwanza za Zamrock wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hununua kwa mamia ya dola, ingawa mkwaruzo utaipunguza bei. Isimamishe wima, mbali na jua na jiko, isifutwe kwa kanga yenye vumbi. Ganda lake la karatasi lipo? Litafute kabla hamjazungumza bei na mtu yeyote. Na mwenye kuuza ni baba, si wewe.