Kituo cha kisomo cha mtaani kwako kinahitaji nini hasa

Watu wakisikia kwamba najitolea kufundisha kisomo cha watu wazima, swali la kwanza huwa, "Na mimi nataka kusaidia, nilete nini?" Kabla sijajibu, wengi wameshataja vitabu, na mara nyingi ni vitabu vya mtoto wao aliyevuka darasa la pili. Nia ni njema na naishukuru kwa dhati. Lakini wanakisomo wetu hapa Mwanza wengi ni akina mama wanaofanya biashara ya dagaa na kayabo, yaani samaki wa chumvi, pale soko la Mwaloni, Kirumba. Wamelea, wamesomesha, wana mitaji. Ukimpa mama wa aina hiyo hadithi ya sungura iliyochorwa kwa rangi, unamwambia bila kukusudia kwamba unamwona mtoto. Ushauri wangu ni kwamba, kabla hujabeba kitu, nenda ukae nyuma ya darasa jioni moja, halafu umuulize mwezeshaji nini kimemwishia.

Yawezekana sana akakujibu: miwani. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Mtu akishavuka miaka 40 hivi, macho huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu, na wanakisomo wengi wako hapo au wameshapita. Anaona mtumbwi ulioko mbali ziwani, lakini daftari lililo mbele yake ni ukungu mtupu. Mwenyewe hasemi, maana hajawahi kusoma, hajui herufi zinapaswa kuonekanaje. Anajiona mzito wa kichwa tu, na baada ya wiki kadhaa haji tena. Nakumbuka mama mmoja aliyepimwa macho na kupewa miwani ya kusomea. Aliinama juu ya neno "dagaa" alilokuwa akilinakili kila jioni, akaweka kidole kwenye herufi g, akasema kwa sauti iliyosikika darasa zima, "Kumbe hii ina mkia!" Ukiwa na fedha kidogo na hujui uielekeze wapi, lipia vipimo vya macho na miwani ya wanakisomo wachache. Sijaona mchango unaozaa matunda haraka kama huo.

Kuhusu fedha, naomba nieleweke vizuri. Kituo kidogo hakifi kwa kukosa mfadhili mkubwa. Hufa pale chaki zinapoisha, umeme wa LUKU ukakatika jioni moja, na mwezeshaji akakosa nauli juma zima. Kwa hiyo elfu kumi inayoingia kila mwezi bila kukosa inasaidia kuliko laki mbili zinazokuja mara moja kwa shangwe kisha kimya mpaka mwaka mwingine. Ile ya kila mwezi mtu anaweza kuipangia. Na ukishatoa, usiifunge kwa masharti kwamba ni ya madaftari tu. Huenda mwezi huo madaftari yapo tele, kinachokosekana ni posho ya yule dada anayekaa na watoto wadogo uani wakati mama zao wanasoma. Mimi hiyo posho naihesabu kuwa sehemu ya ufundishaji kabisa, maana mama akiwa na mtoto mgongoni anayelia, jioni yake imekwisha.

Una haki ya kujua fedha yako inakwenda wapi, na haki hiyo itumie. Omba stakabadhi. Uliza kituo kimesajiliwa wapi, kama ni kikundi cha jamii au shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002. Omba kuona daftari la mahudhurio. Pita kwa Afisa Elimu Kata umuulize kama anakifahamu. Kituo cha kweli hakikasiriki kwa maswali hayo, na kikikasirika, peleka mchango wako kwingine.

Wapo wanaoniambia, hasa wazee, kwamba walidhani kazi hii ilikwisha zamani. Wana sababu. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na tangu kabla ya hapo, kuanzia 1968 hadi 1972, serikali na UNESCO waliendesha huku kwetu Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio ambao watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, vya migomba na vya uvuvi. Ilipofika 1986, takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika wamebaki chini ya asilimia 10. Sensa ya 2012 ikaja na picha nyingine: wanaojua kusoma na kuandika, kwa wenye miaka 15 na zaidi, walikuwa kama asilimia 78. Hao waliobaki nje ndio tunaokaa nao darasani jioni.

Jambo moja la mradi ule wa zamani bado ni dira kwetu: mfundishe mtu kupitia kazi yake. Sisi tunaanza na jina la mwanakisomo mwenyewe, kisha tunaingia sokoni: dagaa, ndoo, gunia, deni, bei. Neno "dagaa" peke yake ni somo zima, kwa sababu wengi huliandika "daga," na hapo ndipo unapoeleza irabu mbili zinazofuatana. Baadaye tunaingia kwenye simu. Tunasoma pamoja maneno umepokea, umetuma, salio, na tunausoma ule ujumbe wa matapeli ambao kila Mtanzania ameshatumiwa, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mama asiyejua kusoma humkabidhi wakala simu yake na namba ya siri papo hapo, kwa kuwa hawezi kuifuata menyu mwenyewe. Siku anapobonyeza namba moja moja kwa kidole chake na kutuma fedha ya ada bila kumpa mtu simu, utaona usoni kwake kwamba kuna mzigo umetua.

Sasa kama unataka kujitolea mwenyewe, huhitaji cheti cha ualimu. Kinachohitajika ni uje siku uliyosema utakuja. Afadhali mtu wa Jumanne moja kwa juma, mwaka mzima, kuliko anayeahidi siku tano akapotea baada ya mwezi. Wanakisomo wameshaachwa njiani mara nyingi maishani mwao, na wakimzoea mtu halafu akakatika, wengine hukatika naye.

Ratiba nayo iwe ya kwao. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi hukaa ufukweni na soko hupoa, na hapo darasa letu hujaa. Giza likirudi, wanabaki wachache. Mgeni akiona hivyo hudhani watu wamekata tamaa, na nimesikia wafadhili wakilalamikia mahudhurio. Tuliamua kuufuata mwezi: mbalamwezi tunafundisha mambo mapya, giza tunarudia na kuwafanyisha mazoezi waliopo. Mahali pengine itakuwa msimu wa kulima au wa kuvuna. Uliza, kisha ujipange nao.

Darasani, amkia. Kama umri wako ni wa mwanawe, sema shikamoo kabla hujashika chaki, na endelea kumwita mama, bibi au mzee hata anapokosea silabi. Usimsahihishe kwa sauti mbele ya wenzake; inama pale alipokaa, mwonyeshe kwenye daftari lake. Mkono uliozoea kisu cha kuparia samaki hukaza penseli mpaka inavunjika, kwa hiyo leta penseli za ziada na subira ya kutosha. Na yanayosemwa darasani yaishie darasani. Wapo ambao hata wakwe zao hawajui wanakokwenda jioni. Kwa sababu hiyo hiyo, naomba sana, usidai picha za wanakisomo ili uthibitishe mchango wako umefika. Stakabadhi inatosha. Uso wa mama wa watu aliyeinamia "ba be bi bo bu" usiwekwe mtandaoni bila ridhaa yake aliyoitoa akielewa utaonwa na nani.

Wanaume kwetu ni wachache mno, na bado tunahangaika na hilo. Kilichosaidia kidogo ni kuanza na hesabu badala ya herufi. Mwanamume atakuambia amekuja "kupiga hesabu," na hapo anaona imekaa sawa. Mwacheni aingie kwa mlango huo.

Jambo la mwisho husahaulika hata na vituo vyenyewe. Mtu akishajua kusoma, asipopata cha kusoma, ujuzi humtoka. Enzi za kampeni ya kisomo ya wakati wa Mwalimu Nyerere palikuwa na magazeti ya vijijini na maktaba ndogo vijijini kwa ajili ya wasomaji wapya, na vilipodhoofika wengi walirudi walikotoka. Kwa hiyo ukiwa na ofisi au duka linalonunua gazeti, usiliache likafungie maandazi. Kusanya ya wiki nzima, yapeleke kituoni Ijumaa. Ongeza vipeperushi vya afya vya zahanati, katiba ya kikundi chenu cha vikoba, tangazo la bei za mazao, ratiba ya meli za ziwani. Sisi huyatandaza mezani kabla ya somo, na wanaofika mapema huchagua. Kurasa zinazogombewa zaidi ni za matangazo ya vifo na za michezo, kwa hiyo usizichane.