Kigari cha kuvua kofia kwenye theluji ya Minneapolis

Kila Oktoba kuna mtu hapa Minneapolis huniuliza, mara nyingi kwenye sherehe, sahani ya pilau mkononi: "Hicho kigari chako cha kuvua kofia, theluji ikianza unakificha wapi?" Sikifichi. Nakwenda nacho kazini.

Ni Mazda MX-5 ya mwaka 2003, ambayo Wamarekani wanaiita Miata. Viti viwili, paa la turubai linalokunjwa nyuma, injini iko mbele na nguvu zote zinakwenda magurudumu ya nyuma. Uzito haufiki kilo 1,100. Haina ule mfumo wa kompyuta unaolishika gari likianza kuteleza, kwa hiyo ukikosea, umekosea wewe. Nimepita nayo baridi sita kwa sababu ya kawaida kabisa: sina hela ya gari la pili.

Nianze na matairi, na kama una haraka unaweza kuishia hapo hapo. Baridi ya kwanza niliingia na matairi ya kiangazi yaliyokuja na gari, mapana, yanameta. Mpira wa tairi la namna hiyo, joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, huanza kukakamaa hata kama barabara ni kavu. Siku moja ya Novemba, theluji ya sentimeta tatu tu, nilisimama kwenye taa, kwenye kimlima ambacho siku zote sikuwa nimekiona kuwa ni mlima. Taa ikawa kijani. Nikaachia klachi, magurudumu yakazunguka, gari likabaki pale pale. Kisha matako yake yakaanza kusogea taratibu kuelekea ukingoni, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Nyuma yangu basi. Dereva wa basi hata honi hakupiga, na hilo ndilo lililoniaibisha zaidi. Walishuka abiria wawili, mmoja mama wa makamo mwenye kofia ya manyoya, wakanisukuma hadi juu.

Wiki hiyo hiyo nilinunua matairi ya theluji. Tazama ubavuni mwa tairi: kuna alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Hiyo ndiyo unayoitaka. Herufi M+S (yaani matope na theluji) peke yake hazitoshi. Nunua manne. Fundi mmoja aliniambia mawili ya nyuma yanatosha kwa kuwa ndiyo yanayosukuma. Kusukuma sawa, lakini kona inakatwa na ya mbele, na kazi kubwa ya breki pia iko mbele. Mimi nilishuka kutoka ringi za inchi 16 zenye tairi za upana wa milimita 205 hadi ringi za inchi 15 zenye 195, kuukuu, zimechubuka, hazina sura. Tairi jembamba linaichana theluji hadi kwenye lami badala ya kuelea juu yake. Upepo wa tairi nao unapungua na baridi, karibu paundi moja kwa kila nyuzi 6 zinazoshuka. Gari langu linataka paundi 26. Ukilijaza ndani ya gereji yenye joto kisha ukalilaza nje usiku wa hasi 20, asubuhi unalikuta limelegea.

Baada ya matairi unabaki mguu wako. Mjomba wangu alibeba kabichi kutoka Mlalo hadi Lushoto, kule milima ya Usambara Tanzania, kwa pikapu ya Peugeot 504, nayo ya kusukuma nyuma, masika yote, kwenye udongo mwekundu unaoteleza kama mlenda. Nilimpigia simu baada ya aibu ya basi. Akacheka kwanza, halafu akasema: "Mjomba, mafuta usiyakanyage, yabembeleze. Na likianza kwenda, usilitazame shimo." Niliitikia tu. Maana yake niliipata mwezi wa kumi na mbili.

Nilikuwa natoka barabara kuu, jioni, giza limeshaingia, kwenye ile njia inayopinda kulia kuteremka. Nikarudisha gia kutoka ya tatu kwenda ya pili na kuachia klachi kwa mkupuo, kama nilivyozoea kiangazi. Injini ikalishika gari kama breki, na kwa kuwa inayakaba magurudumu ya nyuma peke yake, ni sawa na mtu aliyenyanyua handbreki kwenye barafu. Redio iliendelea kuimba. Taa zangu zikamulika uzio, zikamulika mti, kisha zikamulika uso wa dereva aliyekuwa nyuma yangu, kaachama. Gari likasimama likiwa limegeuka lilikotoka, halikugusa kitu. Tukatazamana na yule bwana, akanyanyua mkono, nami nikanyanyua wangu.

Kosa hilo watu hawalisemi. Kila mtu anakuonya usikanyage mafuta kwenye kona. Ya gia hawakuambii. Shusha gia mapema, ukiwa bado kwenye njia iliyonyooka, na klachi uiachie kidogo kidogo huku mguu wa kulia ukigusa mafuta kidogo ili mzunguko wa injini ulingane na wa magurudumu. Likishaanza kuteleza, toa mguu kwenye mafuta, kanyaga klachi, tazama unakotaka kwenda, si ule mti. Mikono itafuata macho. Usukani unaufuatisha upande matako yanakokimbilia, kidogo, na unaurudisha mapema, kwa sababu gari fupi kama hili ukichelewa linajibu kwa upande wa pili, na kwa hasira.

Haya huyajui kwa kusoma. Mimi nilijifunzia kwenye uwanja wa kuegesha magari wa kanisa letu, Jumamosi asubuhi kwa ruhusa ya mzee wa kanisa, ambaye alisimama dirishani muda wote akihesabu nguzo zake za taa. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa unatosha. Zungusha duara, lichokoze, lishike. Masaa mawili yale yamenifaa kuliko kitu chochote nilichonunua.

Kuhusu mifuko ya mchanga: pikapu tupu inahitaji mzigo nyuma, mjomba alipanga magunia kwa sababu hiyo. MX-5 sivyo. Uzito wake umegawanyika karibu nusu kwa nusu, mbele na nyuma. Nilijaza buti kilo 60 mwaka wa kwanza, na likianza kuteleza mkia ulikuwa unarushwa kama rungu. Siku hizi nabeba mfuko mmoja wa kilo 20, na kazi yake hasa ni kumwagwa chini ya tairi nikikwama. Uzito wa maana ni petroli. Tangi liko nyuma ya viti, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, mahali pazuri kabisa; silishushi chini ya nusu.

Rafiki yangu ana gari kubwa linalovuta magurudumu yote manne. Kwenye taa ananiacha, sibishi. Kwenye kusimama magurudumu manne hayamsaidii chochote, tena yeye ana tani mbili za kusimamisha. Tulishamtoa mtaroni mara mbili.

Mpaka wangu ni kina. Tumbo la gari halifiki sentimeta 15 kutoka ardhini. Theluji ikizidi hapo, linapanda juu yake kama sleji na magurudumu yanaelea. Greda likipita asubuhi linaacha ukuta mbele ya njia yako ya kutokea, na ukuta huo si wa kuugonga kwa mbio, una mabonge ya barafu. Chimba au panda basi. Na jiji likitangaza dharura ya theluji, soma upande gani wa barabara unaruhusiwa kuegesha siku hiyo, maana wanavuta magari kweli. Nimefunga kijiti chenye kitambaa chekundu kwenye antena baada ya usiku mmoja ambapo gari langu lilikuwa kichuguu tu kati ya vichuguu.

Chumvi ya barabarani, ile inayomwagwa kuyeyusha barafu, ioshe kwa maji tu, pasipo mashine za brashi. Baridi ikishuka chini ya hasi 9 hivi chumvi ya kawaida karibu haifanyi kazi, kwa hiyo lami inayoonekana imelowa siku kama hiyo ichukulie ni barafu, hasa juu ya madaraja ya Mississippi. Handbreki usiivute usiku, kamba zake huganda; liache gari likiwa kwenye gia. Betri iko kwenye buti, na mimi wiki za baridi kali naingia nayo ndani, inalala kando ya viatu.

Paa usilikwangue, lifagie kwa fagio laini, na usilifungue kwenye baridi kali. Turubai la plastiki hupasuka kwenye mikunjo. Nyuma ya viti, kila upande, kuna kitundu cha kutolea maji ya paa. Mimi sikuvijali, vikaziba na majani ya vuli. Mwezi wa tatu, gari limepata joto, nikawa nasikia kila nikikata kona: chubwi, chubwi, upande wa mlango. Maji yalikuwa yamekaa ndani ya kizingiti msimu mzima, yanaganda, yanayeyuka, yanakula bati. Kuchomelea upya kulinigharimu kuliko matairi. Ule uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi unapita vizuri kwenye vitundu hivyo. Nausukuma Septemba na tena Novemba majani yakiisha kudondoka.

Kama unawaza kujaribu mwaka huu, weka miadi ya matairi wiki hii. Theluji ya kwanza ikishadondoka, foleni ya pale dukani inafika nje, na utasimama kwenye hiyo theluji ukiingoja.