Kurudi mji uliosomea: nenda, ila usianzie getini

Mleta mada anauliza: amepata semina kwenye mji aliosomea chuo miaka 12 iliyopita. Je, atangulie siku moja azunguke mitaa ya zamani, au atajitonesha kidonda bure?

Tangulia, mkuu. Ila usirudie kosa langu.

Mimi nilirudi baada ya miaka 14, na mke wangu, nikiwa nimemwahidi kumwonyesha kila kitu. Tukaanzia chuoni, siku ya Jumapili, tena wakati wa likizo. Mlinzi akauliza, "Unakwenda kwa nani?" Nikakosa jina la kutaja. Walionifundisha wamestaafu, wengine wametangulia mbele ya haki. Namba ya usajili bado naikumbuka hadi tarakimu ya mwisho, lakini ingemsaidia nini mlinzi? Tukapiga picha nje ya uzio.

Kisha nikaanza ubishi. Nilishikilia kwamba nyumba niliyopanga chumba iko kushoto ukipanda mlima. Tukapanda, tukashuka, simu mkononi, hakuna nyumba. Mke wangu kimya, kile kimya cha mtu ambaye viatu vinambana.

Kesho yake alfajiri nikatoka peke yangu, simu nikaiacha chumbani. Nikaanzia mlango wa maktaba, nikatembea kivivu kama nilivyokuwa nikitembea usiku wa mitihani. Miguu ikakata kona kwenye kichochoro ambacho kichwani hakikuwepo kabisa. Ndani yake kuna ngazi za zege, na ile ya juu kabisa ni fupi kuliko nyingine. Enzi zetu kila mgeni alijikwaa pale. Mguu ukaipanda sawasawa kabla sijakumbuka kwamba ipo. Nikatokea mbele ya nyumba. Iko kulia.

Na ukijikuta machozi yanakulengalenga, usijione una kasoro. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, na chuo kinaangukia humo humo. Zamani ungeandikiwa dawa: neno nostalgia, ambalo leo ni hamu ya mambo ya zamani, liliundwa mwaka 1688 na Johannes Hofer, aliyekuwa akisomea udaktari kule Basel, Uswisi, kama jina la ugonjwa wa kutamani nyumbani. Na yeye mwanafunzi, kumbe!

Kwa hiyo nenda siku ya kazi, chuo kikiwa wazi, na saa za mwanzo uwe peke yako. Mwenzako atafurahia zaidi ukishajua unampeleka wapi. Wa kwangu nilimrudisha jioni kwa kichochoro kile kile, akajikwaa.

Sikugonga mlango. Dirisha la chumba changu lilikuwa wazi, limewekewa kitabu kinene lisijibamize na upepo. Lile komeo hawajalitengeneza mpaka leo.